Nani Atashika Mbele?

Harufu ndiyo iliyotangulia. Bi Khairiya alifungua kasha la shiraa kuipa hewa na kuifukiza udi, kama alivyofanya siku zote, hata sasa ambapo hakuwa na pa kwenda, na pua yake ikapokewa na karafuu maiti. Akafunga kasha. Akasoma alichosoma, akafungua tena. Ilikuwa ile ile, kali na baridi, wanayopakwa wafu viungoni kabla ya kufungwa sanda.

“Nana! Ni nani alotia nguo ya matanga humu?”

Nana, mpishi wa nyumba ile tangu enzi za mama yake Bi Khairiya, alikuja akijipangusa unga mikononi. Akainama, akanusa, akarudi nyuma.

“Kasha hili hafungui mtu, Bi. Ufunguo u shingoni mwako.”

“Nimekuuliza nani, sikukuuliza ufunguo.”

Nana alinyoosha kidole. Alikuwa ameuona upindo wa mbele. Ulikuwa na mchanga, na mchanga wenyewe ulikuwa bado majimaji.

Kwa wewe uliyezaliwa katika zama ambazo mtu akitaka kwenda mahali huinuka akaenda, shiraa ilikuwa hivi: kitambaa kizito, kirefu, kilichotandazwa juu ya mianzi minne na kuachwa kining’inie pande zote mpaka karibu na ardhi. Mjakazi mmoja alishika mianzi miwili ya mbele, mwingine miwili ya nyuma, na katikati, gizani, alitembea mwanamke wa kiungwana wa Lamu, asionekane hata kisigino. Wanaume waliokutana na shiraa njiani waligeukia ukuta mpaka ipite. Hivyo ndivyo heshima ilivyobebwa: kwa mikono ya watu wengine.

Kisha Serikali ikatangaza kwamba pwani hakuna tena mtumwa, na majumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa waungwana, yakajikuta yana shiraa nyingi na mikono michache. Wapo mabibi waliojitia buibui jeusi, wakashuka njiani kwa miguu yao wenyewe, na hawakufa. Bi Khairiya hakuwa mmoja wao. Siku nyingi yeye alivuka tu kwa wikio, kile chumba cha juu ya njia kilichounganisha nyumba yake na ya binamu yake Mahfudha, akanywa kahawa, akarudi. Miguu yake ilikuwa ikisahau mchanga.

Siku chache alizotoka, nyuma ya shiraa yake alishika Nana. Mbele alishika Barka.

Barka alikuwa binti wa mwanamke aliyemnyonyesha Khairiya. Ziwa moja lilikuwa la huyu, la pili la yule. Kwa sheria ya Mwenyezi Mungu hao walikuwa ndugu. Kwa sheria ya Mkomani mmoja alikuwa ndani ya kitambaa na mwingine nje. Uhuru ulipokuja Barka alihamia Langoni, mtaa wa vibanda vya makuti, akawa anachoma mikate ya mofa na kuuza. Lakini akiitwa alikuja, iwe kushika mwanzi au kulea mtoto. Hakuja kwa utumwa, maana ulikuwa umekwisha, wala kwa ujira, maana Bi Khairiya hakuona vipi mtu amlipe ndugu yake. Undugu ule aliukumbuka hapo tu. Barka alikuja, akagonga mwanzi mara mbili kwenye kizingiti, tok, tok, kama alivyofanya tangu walipokuwa wasichana, akasema, “Ndia nyeupe, Bi,” maana yake hapana wanaume njiani. Wakienda alicheka chinichini huku akimsimulia aliye ndani yote aliyokuwa hayaoni: nani amenenepa, paka gani amezaa, mlango wa nani umepakwa rangi mbaya. Bi Khairiya aliujua mji wake kwa sauti ya Barka.

Barka alishikwa na kifua. Alipoona hainuki tena, alituma mtu Mkomani: namtaka Bi, nimuone. Bi Khairiya alilia. Alivaa. Alifika mpaka tekani, kile chumba kidogo kilicho nyuma ya mlango mkuu, na hapo akakumbuka njia. Akamtuma Nana na maneno haya: “Mwambie roho yangu iko kwake. Lakini nitakwendaje? Nani atashika mbele?”

Usiku ule Barka alifariki. Alizikwa asubuhi, na Bi Khairiya alilia uso ukiwa ndani ya mto wa kulalia, ili Mahfudha asisikie kupitia wikio kwamba bibi mzima anamlilia mjakazi.

Hayo yalikuwa yamepita majuma machache tu wakati kasha liliponuka.

*

Mwenye kutarajia usiku na bundi atavunjika moyo. Jambo lenyewe lilikuja mchana, jua la utosi, wakati vichochoro vya Lamu ni vitupu na watu wote wamelala na hata punda wamesimama wakisinzia. Tok, tok, kizingitini.

Mara ya kwanza Bi Khairiya alidhani ni mgeni. Nana alikwenda, akafungua, akakuta daka, lile baraza la mlangoni, halina mtu. Siku iliyofuata, saa ile ile, tok, tok. Na siku iliyofuata. Nana akaacha kwenda kufungua. Aliinamia chungu chake akaanza kukoroga kwa nguvu, ingawa hamkuwa na kitu cha kukorogwa.

Aliyekwenda alikuwa Hadia.

Hadia, bintiye Bi Khairiya, alikuwa na umri wa kung’oka meno ya mbele, na alikuwa amelelewa na mgongo wa Barka zaidi ya paja la mamake. Mchana mmoja mamake aliamka akakuta mkeka wa mtoto mtupu. Akamkuta dakani, ameketi peke yake, akizungumza.

“Wazungumza na nani, mwanangu?”

“Na Mama Barka.”

Bi Khairiya alichuchumaa mbele yake. “Mama Barka amekwenda kwa Mola wake. Nilikwambia.”

“Naam, ameniambia na yeye,” alisema Hadia kwa upole, kama anayemwelimisha mtu mzito wa kuelewa. “Lakini amekuya kukushikia mbele. Asema utoke, mama. Amechoka kusimama juani.”

Jioni ile Nana alipokuwa akimwosha mtoto alimwita bibi yake kwa sauti ndogo. Akaifunua mikono ya Hadia. Katika viganja vile laini, vya mtoto ambaye hakuwahi kubeba hata kata ya maji, mlikuwa na malengelenge, manne kila kiganja, chini ya vidole, pale mwanzi unapokaa.

“Namsaidia,” alisema Hadia. “Mikono yamuuma.”

Tangu hapo mtoto akaanza kupungua. Alikula tonge, akasukuma sahani. Mikono yake ilikuwa baridi hata jua likichoma. Malengelenge yalipasuka, yakawa sugu. Bwana Athman, mumewe Bi Khairiya, mtu wa maneno machache na tasbihi ndefu, alileta mafuta, akaleta dawa ya Mhindi, na mwishowe alisema neno moja tu, naye alilisema akiangalia ukuta: “Wanawake wenzio wavaa buibui, Khairiya. Nenda ukamsomee Fatiha pale alipolala.”

“Nishuke ndiani kama muuza samaki?”

Akarudi kwenye tasbihi yake. Tok, tok ikagonga kati yao, safari hii ikiwa ndani ya tekani.

*

Mahfudha ndiye aliyemleta mganga. Alivuka wikio na bangili zake zote, akamtazama mtoto, akafunika pua kwa ukaya kwa ajili ya karafuu maiti, ambayo sasa ilikuwa imejaa nyumba nzima.

“Hili ni jini, mwanakwetu. Naomba Mungu tu liwe la watu wa maana.”

“Majini nayo yana watu wa maana?”

“Kila kitu kina watu wa maana,” alisema Mahfudha.

Mwalimu Mohdhar alifika alasiri na wapiga ngoma, chetezo na tumbo lililokuwa likitarajia mambo mema. Alimfukiza mtoto, akamfunika shuka nyeupe, akaandika kombe kwa zafarani na kumnywesha. Akamuuliza jini jina lake. Jini halikusema. Mwalimu Mohdhar, hata hivyo, alisikia.

“Huyu si pepo wa mitaani,” alitangaza. “Ni jini la nasaba, latoka Hijazi. Limeipenda nyumba kwa utukufu wake. Lataka marashi, halua na mbuzi mweupe asiye na doa.”

“Alhamdulillahi,” alisema Mahfudha, kama aliyeletewa posa njema. “Nilikwambia. Nyumba kama hii ingeingiwa na pepo wa Langoni? Aibu iliyoje!”

Na Bi Khairiya, Mungu amsamehe, alipumua. Kwa kitambo kizima, ngoma zikilia na moshi ukipanda kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, alikubali kwamba aliyekuwa akigonga mlango wake alikuwa sultani wa Kiarabu mwenye kupenda halua. Mbuzi akachinjwa. Halua ikaliwa, sehemu kubwa ikiliwa na Mwalimu mwenyewe. Hirizi ikafukiwa chini ya kizingiti, na jini likaambiwa kwa Kiarabu kizuri sana liondoke.

Kesho yake jua la utosi lilipofika, Bi Khairiya aliketi ukumbini akimshika mtoto, na nyumba ikawa kimya, kimya kizuri, hata akaanza kutabasamu, na ndipo alipoona kwamba mtoto ameinua kichwa kama mtu anayeitwa kwa jina, na kwamba Nana kule jikoni ameacha kukoroga, na kwamba harufu inasogea, haienei kama moshi bali inakuja kama mtu anavyokuja, ikipita juu ya hirizi kizingitini, ikivuka kiwanda, ua lile la ndani lililojaa jua, ikipanda vidato viwili vya ukumbi, na nyuma yake ile sauti ya upindo wa kitambaa kizito ukikokotwa sakafuni, mpaka ikasimama mbele ya pazia la ukumbi huo huo.

Tok, tok.

Na sauti, iliyokauka, yenye kikohozi ndani yake, lakini yenye adabu ile ile: “Ndia nyeupe, Bi.”

Bi Khairiya alipiga yowe. Hakujua alipiga muda gani. Alipokwisha, mikono yake ilikuwa mitupu.

Bwana Athman ndiye aliyemrudisha mtoto, amembeba kifuani.

“Nimemkuta Usita wa Mui,” alisema, yaani kwenye njia ile kuu inayoukata mji mzima hadi Langoni. “Yuwaenda peke yake. Mikono yuu hivi, Khairiya. Hivi. Kama alioshika kitu.” Akaionesha, ngumi mbili juu ya mabega, mtu mzima yule, na machozi yakamtoka.

Hadia alifungua macho kidogo. “Amesema haya basi,” alinong’ona. “Kama mama hawezi kuya, mimi nitakwenda naye kesho. Asema hataki kulala peke yake kule.”

*

Jikoni, Bi Khairiya alikaa chini, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mahali ambapo hajawahi kukaa maishani.

“Nana. Siku ile niliyokutuma. Ulimwambia nini?”

Nana aliendelea kupepeta mchele. “Yale ulonituma, Bi. Siku zote siongezi wala sipunguzi.”

“Ulimwambia nani atashika mbele.”

“Nilimwambia.”

“Akasemaje?”

Ungo ukasimama. “Hukuniuliza siku ile.”

“Nakuuliza sasa.”

“Alicheka,” alisema Nana. “Alicheka mpaka damu ikamtoka kinywani, nikamfuta. Akasema, ‘Maskini Khairiya, kweli, nani atashika?’ Hakusema Bi. Alikutaja jina, kama mlipokuwa wadogo. Kisha akasema, ‘Mwambie asijisumbue. Nikipata nguvu kidogo nitakwenda kumtukua mimi mwenyewe.’”

Mle jikoni hamkuwa na mzimu wowote, na hapo ndipo Bi Khairiya alipoogopa kweli, kwa sababu alielewa kwamba katika nyumba yake halikuwapo jini la Hijazi, wala pepo, wala kisasi, wala hasira. Mlikuwa na mwanamke aliyeulizwa swali akiwa mahututi na akalichukulia kuwa ni ombi. Alikuwa amekuja kumbeba ndugu yake ampeleke Langoni wakaonane. Angemngojea kila mchana mpaka atoke, na kwa kuwa wafu hawajui kipimo cha walio hai, mtoto angekwisha huku akimsaidia kungoja.

“Ya Allah,” alisema. “Ya Allah, Barka.”

Kesho yake, jua lilipokaribia utosi, alimlaza Hadia kwenye mikono ya babake, akasema, “Mshike, usimwachilie hata akikubembeleza.” Alifungua kasha. Lilikuwa tupu.

Shiraa ilikuwa kiwandani. Mianzi miwili ya nyuma ilikuwa imelala chini. Ile miwili ya mbele ilikuwa imesimama wima juani, kitambaa kikining’inia kutoka kwayo, na hapakuwa na mtu aliyeishika, isipokuwa kwamba ilitikisika kidogo, vile inavyotikisika mianzi mikononi mwa mtu aliyechoka sana na hataki kuonesha.

Tok, tok. “Ndia nyeupe, Bi.”

Bi Khairiya alitembea mpaka mbele. Si ndani, mbele. Akaweka mikono yake juu ya mianzi, na chini ya mikono yake mlikuwa na mikono, baridi kama jiwe la kisimani, yenye sugu alizokuwa akizijua bila kujua kwamba anazijua.

“Nipe,” alisema.

Mikono haikuachia.

“Nipe, Barka. Ingia ndani wewe. Yeo nashika mimi.”

Kisha kidole kimoja kikafunguka, na kingine, polepole, kama mtoto anayenyang’anywa kitu kwa upole, mpaka uzito wote wa mianzi na kitambaa ukamwangukia yeye mabegani, na ndugu zangu, ulikuwa mzito, mzito kupita alivyowahi kuwaza katika miaka yote ile aliyokuwa akitembea chini yake akisikiliza habari za paka. Nyuma, Nana aliinua mianzi yake bila kuulizwa. Mlango ukafunguliwa. Bi Khairiya binti wa waungwana, kichwa kikiwa na mtandio tu na uso wazi, akagonga kizingiti mara mbili.

“Ndia nyeupe, Bi,” alisema, na sauti ikamkatikia hapo kwenye *Bi*.

Wakashuka njiani, na mchanga ukamchoma nyayo, na vichochoro vilivyokuwa vitupu vikaanza kufunguka dirisha moja moja, na kutoka wikioni ikasikika sauti ya Mahfudha ikisema, “Khairiya! Khairiya, wajiaibisha!” kisha ikanyamaza ghafla kama iliyozibwa, kwa sababu aliye dirishani huona chini ya upindo kile ambacho aliye mbele hakioni, wakaenda kwa Usita wa Mui, malengelenge yakianza kuvimba viganjani, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakaiona shiraa na, kwa mazoea yao, kabla hawajamtambua aliyeishika, wakageukia ukuta mmoja baada ya mwingine, mashekhe na masharifu na wenye maduka, wakampa heshima Barka mchoma mikate mpaka alipopita, na muda wote huo, nyuma ya mgongo wa Bi Khairiya, ndani ya kitambaa, nyayo zilikuwa zikitembea, taratibu, kwa madaha kidogo, za mtu anayeonja jambo ambalo siku nyingi alikuwa akilitazama kwa nje.

Naye Bi Khairiya alizungumza. Alimsimulia yote yaliyokuwa njiani, kama alivyokuwa akisimuliwa. Mlango wa kina Mohdhar umepakwa rangi. Kuna paka hapa, ana watoto. Hakujua kama alikuwa akiyasema vizuri. Hakuwahi kuyaona kabla ya siku ile.

Makaburini Langoni, hapo pasipoendwa na wanawake wa kiungwana, palikuwa na lundo la mchanga bila jiwe. Alipofika hapo uzito ukaondoka. Kitambaa kikaanguka chenyewe, laini, kama mtu aliyekaa chini baada ya safari. Hapakuwa na kitu ndani. Karafuu maiti ikayeyuka, na kwa pumzi moja palinuka mkate wa mofa, wa moto, kisha hata hiyo ikaenda.

“Nimekuya,” alisema Bi Khairiya. “Barka, nimekuya. Ndiyo hii nimekuya.”

Lakini yule aliyekuwa akimjibu siku zote hakujibu.

*

Hadia alipona. Viganja vyake vikarudi kuwa laini, akaota meno mapya, na mchana mmoja alikwenda dakani, akakaa, akangoja, akarudi akilia kwamba Mama Barka haji tena. Mwalimu Mohdhar aliwaambia watu kwamba majini ya Hijazi hukawia kidogo kuondoka, lakini huondoka. Mahfudha hakumwambia mtu alichokiona kutoka wikioni. Alifunga dirisha lile na halikufunguliwa tena.

Shiraa iliachwa pale pale, juu ya mchanga, mpaka jua na mvua vilipoimaliza. Bi Khairiya alinunua buibui jeusi, la kawaida, na kila Alhamisi alitembea hadi Langoni kwa miguu yake. Mwanzoni Nana alikuwa akienda naye. Nana alipofariki, alikwenda peke yake.

Peke yake, labda. Wanawake wa Langoni, wakiwa wamekaa vizingitini wakisuka ukili, wamekuwa wakiona jambo. Buibui lile ni refu, na mabuibui yote marefu huburuta mchangani na kuacha mfuo. La Bi Khairiya haliburuti. Upindo wa nyuma huwa umeinuliwa kidogo tu, kiasi cha shubiri, kama ulioshikwa na mtu asiyetaka uchafuke.

Yeye hageuki. Watu wa Mkomani husema anaogopa kumuona aliyeushika. Lakini watu wa Mkomani hawajawahi kuelewa kitu. Anaogopa kugeuka akakuta hapana mtu.